MBONA MUNGU YUKO KIMYA?

Somo kwa kijana aliyeomba mpaka akachoka

Fungua Biblia: Habakuki 1:2-4, Yohana 11:1-44, 2 Wakorintho 12:7-10

Kijana mwenzangu, hapa mkutanoni umesikia shuhuda. Huyu amepona, yule amepata kazi. Watu wanapiga makofi na vigelegele. Lakini wewe umesimama kule nyuma kabisa, na moyoni unajiuliza: "Mbona mimi niliomba, na mama akafa vilevile?" Karatasi hii ni yako.

Labda tangu siku ya mazishi hujakanyaga kanisani. Shetani naye anakunong'oneza: "Unaona? Huko juu hakuna mtu." Usimpe jibu bado. Soma kwanza.

1. KUULIZA SI DHAMBI
Habakuki alikuwa nabii, lakini alimlalamikia Mungu waziwazi kwamba analia na hasikilizwi. Daudi, katika Zaburi ya 13, anamuuliza Mungu mara nne atangoja mpaka lini. Je, walipigwa na radi? Hapana! Mungu ameyaacha maneno yao ndani ya Biblia ili mimi na wewe tuyaone. Anayemlalamikia Mungu bado anaongea naye. Hatari ni kununa na kuondoka.

2. KIMYA SI KUTUPWA
Lazaro alipougua, dada zake walimtumia Yesu habari. Yesu aliwapenda watu wale, lakini alikaa siku mbili zaidi kule alikokuwa. Alipofika, Lazaro alikuwa na siku nne kaburini. Martha na Mariamu wote wawili walimwambia kwamba angekuwepo, kaka yao asingekufa. Yesu hakuwakemea. Alijua kwamba dakika chache tu zijazo atamfufua Lazaro, na bado alilia.

Utasema, "Sawa, lakini wa kwangu hakufufuka." Ni kweli, na hatutakudanganya. Lakini angalia machozi yale. Kuchelewa kwake hakukuwa kukosa upendo. Na kabla ya kwenda kaburini alimwambia Martha kwamba Yeye mwenyewe ndiye ufufuo. Kaburi halina neno la mwisho kwa anayemwamini.

3. "HAPANA" NALO NI JIBU
Wapo watakaokuambia, "Hukupokea kwa sababu imani yako ndogo." Hivi, Paulo naye alikuwa na imani ndogo? Aliomba mara tatu aondolewe mwiba wa mwili wake. Haukuondolewa. Alipewa neema ya kuubeba. Na Yesu mwenyewe, pale Gethsemane, aliomba mara tatu kikombe kile kimwepuke. Hakikumwepuka. Lakini kwa "hapana" ile, wewe na mimi tumepata njia ya kuokolewa.

Joni Eareckson Tada wa Marekani alikuwa na miaka 17 tu mwaka 1967, alipopiga mbizi mahali penye maji mafupi akavunjika shingo. Mikono na miguu ikapooza. Aliombewa, akapelekwa hata kwenye mikutano ya uponyaji. Akarudi na kiti chake cha magurudumu. Alikata tamaa mpaka akatamani kufa. Lakini Yesu alimkuta mle mle kitini. Mwaka 1979 alianzisha huduma ya kuwasaidia walemavu, na huduma hiyo imepeleka viti vya magurudumu kwa watu wa nchi nyingi. Mungu wetu anaponya, tunaamini hivyo! Lakini hata asipoponya leo, hajakuacha.

4. SASA UFANYE NINI?
- Usikimbilie kwa mganga. Atakula hela yako na kukuachia hofu.
- Kama unaumwa, nenda hospitali, meza dawa zako, na endelea kuomba. Kutumia dawa si kukosa imani.
- Usifanye biashara na Mungu: "Ukinipa kazi, nitaokoka." Wale vijana watatu wa Danieli 3 walisema Mungu wao anaweza kuwaokoa na moto, na hata asipowaokoa, sanamu hawataiabudu. Hiyo ndiyo imani.
- Usibebe mzigo peke yako. Tafuta mtu aliyeokoka unayemwamini, mweleze, muombe pamoja.

JIULIZE
Je, ninamtaka Mungu, au ninataka tu vitu vyake? Kama jibu lisipokuja mwaka huu, nitakwenda kwa nani mwingine?

Habakuki hakumaliza kitabu chake akiwa na ghala lililojaa. Alimaliza mtini hauna maua na zizi halina ng'ombe, na bado akamfurahia Mungu. Mambo yalikuwa yale yale. Yeye ndiye aliyebadilika.

OMBA HIVI, HAPO HAPO ULIPO
"Bwana Yesu, sielewi kwa nini. Nina uchungu na nina hasira. Lakini ulinifia msalabani, kwa hiyo najua unanipenda. Nisamehe dhambi zangu. Ingia moyoni mwangu. Nifundishe kukutumaini hata nisipopata nilichoomba. Amina."

Kama umeomba kwa moyo, mwambie mhudumu yeyote hapa uwanjani kabla hujaondoka. Njoo na machozi yako, usiyafute kwanza.