Maboga Yachanua, Mbona Hayazai?



Mvua za Tabora huanza mwezi wa Novemba. Mwezi huo watu wengi hufukia mbegu chache za maboga nyuma ya nyumba. Mbegu huota upesi. Mmea hutambaa hata kufika njiani. Baada ya wiki sita au saba, maua ya manjano hujaa tele. Wenye nyumba hufurahi. Kisha maua hunyauka na kuanguka, wala boga halionekani. Mmoja husema mbegu ilikuwa mbaya. Mwingine husema kuna jirani mwenye kijicho aliyeutazama mmea. Basi mmea hung'olewa na kupewa mbuzi.

Mmea ule haukuwa tasa. Uling'olewa kabla ya siku zake. Hasara yake si boga peke yake, kama tutakavyoona tukifika kwenye habari ya macho ya watoto.

UA DUME NA UA JIKE

Nenda shambani asubuhi na mapema. Tazama maua ya maboga kwa makini. Utaona kwamba hayafanani. Maua mengine yana kikonyo kirefu na chembamba, na chini ya ua hakuna kitu. Hayo ni maua dume. Ndani yake kuna unga wa manjano unaoshika kidoleni. Unga huo huitwa chavua.

Maua mengine yana kikonyo kifupi. Chini ya ua kuna kiboga kidogo sana, kama gololi. Hayo ni maua jike. Boga hutoka kwenye ua jike tu.

Maua dume hutangulia. Mara nyingi hutangulia kwa wiki moja au mbili. Hayo ndiyo yanayoanguka mwanzoni, na watu huingiwa na hofu bure. Subiri. Maua jike yatafuata.

Lakini hata ua jike likitokea, halizai peke yake. Ni lazima chavua ya ua dume ifike katikati ya ua jike. Upepo hauwezi kazi hiyo, kwa kuwa chavua ya maboga ni nzito na inanata. Anayeibeba ni nyuki. Tena hana muda mrefu, kwani ua hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Nyuki asipokuja asubuhi ile, kile kiboga kidogo hugeuka manjano, huoza ncha na kuanguka baada ya siku chache.

Kama nyuki ni wachache kwenu, fanya kazi yao wewe mwenyewe. Chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyo. Ondoa majani yake ya manjano, ubaki na kile kijiti chenye chavua. Kipake polepole katikati ya ua jike lililo wazi. Ua dume moja latosha kwa maua jike mawili. Watoto huipenda kazi hii, na huifanya vizuri kuliko watu wazima wenye haraka.

NYUKI NA DAWA

Sisi wa Tabora tuna bahati. Misitu yetu ya miombo inajulikana kwa asali tangu zamani, na karibu kila kijiji kina mtu mwenye mizinga. (Mzinga wa gome huua mti uliobanduliwa. Mzinga wa mbao hauna hasara hiyo.) Mzinga uliotundikwa mbali kidogo na nyumba husaidia maboga, matikiti na matango ya majirani wote.

Hatari kubwa kwa nyuki ni dawa za kuua wadudu. Wakulima wa tumbaku na pamba wanazo. Ukipiga dawa asubuhi, unaua nyuki wakiwa kazini. Ikibidi kupiga dawa shambani, piga jioni, nyuki wakiwa wamerudi mizingani. Usipige dawa ya tumbaku kwenye maboga hata kidogo. Majani yake ni mboga, na dawa ile hubaki juu ya jani na kuingia tumboni mwa mtoto wako. Wadudu wanaotoboa majani machanga hupungua ukinyunyiza majivu makavu asubuhi, umande ukiwapo. Usinyunyize ndani ya maua.

Jambo lingine ni kopo la dawa. Likiisha, usilitumie kuwekea maji, mafuta, chumvi wala asali, hata ukilisuuza mara kumi. Litoboe, watoto wasipate kulichezea. Kisha mwulize bwana shamba mahali pa kulipeleka.

MACHO YA MTOTO

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Je, umewahi kumwona mtoto ambaye mchana anacheza na wenzake, lakini jua likizama anakaa mahali pamoja? Akiinuka hujikwaa. Hupapasa sahani yake. Wenzake bado wanaona, yeye haoni. Wapo wanaosema mtoto huyo ni mwoga au ametupiwa kitu. Mtoto huyo ni mgonjwa. Ugonjwa wake ni upofu wa usiku, na mara nyingi huletwa na upungufu wa vitamini A.

Vitamini A ni sehemu ya chakula inayolinda macho. Vilevile humpa mtoto nguvu ya kushindana na surua na kuhara. Ikipungua sana, jicho hukauka, kisha kioo cha jicho huharibika, na mtoto aweza kupofuka kabisa. Jicho lililoharibika hivyo halirudi.

Ukiona dalili hiyo, mpeleke mtoto zahanati mara moja. Usingoje maboga yako yaive. Hata asiye na dalili, kama ana umri wa miezi 6 hadi miaka 5, apelekwe kupata matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6.

Matone ni kinga, lakini mtoto hula kila siku. Boga lenye nyama ya rangi ya machungwa lina chakula kinachogeuka vitamini A mwilini. Kadiri rangi inavyokolea ndivyo faida inavyozidi. Boga jeupe ndani hushibisha tu. Majani yake ya kijani, yaani msusa, yanacho pia. Kwa hiyo, ukichagua mbegu za kupanda, chagua za boga lililokuwa na rangi kali ndani, hata kama lilikuwa dogo.

Kitu kimoja husahauliwa. Chakula hiki hakiingii vizuri mwilini bila mafuta kidogo. Mkoa wetu una karanga. Twanga karanga, tia kwenye msusa. Kwa mtoto mdogo aliyekwisha kutimiza miezi 6, ponda boga lililoiva, changanya na kijiko cha karanga zilizosagwa laini, umlishe pamoja na kuendelea kumnyonyesha.

Usitie magadi kwenye majani ya maboga. Magadi hulainisha haraka, lakini huharibu vitamini nyingine zilizomo. Osha majani kabla ya kuyakata, menya nyuzi zake, pika kwa maji machache na kwa muda mfupi. Usimwage supu yake.

Kuna magonjwa mengine ya macho yasiyofanana na haya. Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walisafiri na msafara kutoka pwani kwa njia ile ya zamani. Walifika Kaze, karibu na hapa Tabora mjini, tarehe 7 Novemba. Februari 1858 walipofika Ziwa Tanganyika, Speke alikuwa akiumwa macho vibaya hata hakuweza kuliona ziwa vizuri. Alikuwa na uvimbe wa macho. Ugonjwa wake haukuwa ule wa kutoona usiku. Macho mekundu, yenye usaha na tongotongo, hayaponi kwa kula maboga. Huhitaji dawa ya zahanati. Kinga yake ni kuosha uso wa mtoto kila siku, kila mtu kuwa na kitambaa chake, na kufunika choo ili nzi wasizaliane.

KUPANDA KARIBU NA NYUMBA

Chimba shimo lenye upana wa jembe mbili. Tia ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri, changanya na udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kinyesi cha watu kisitumike kamwe, kwa sababu kina mayai ya minyoo, na majani ya maboga hutambaa chini. Panda mbegu tatu au nne kila shimo, kina cha vidole viwili. Zikiota, acha miche miwili yenye nguvu. Shimo hadi shimo iwe hatua mbili kubwa au zaidi. Samadi ikizidi mno, utapata majani mengi na matunda machache.

Wengine wanaogopa kwamba majani ya maboga huleta mbu. Mbu wa malaria huzaliana katika maji yaliyotuama, si juu ya jani. Hata hivyo usiache mmea upande ukutani wala ufunike mlango, maana nyoka hupenda kujificha chini yake. Fagia hatua kumi kuzunguka nyumba. Okota makopo na vifuu vinavyoshika maji ya mvua.

Kosa moja huonekana kila mwaka. Mama huchuma majani ya mmea ule ule kila jioni, kisha Machi analalamika kwamba hakuna maboga. Jani ndilo linalolisha tunda. Panda mashimo ya majani mbali, na mashimo ya maboga mbali. Kwenye mashimo ya maboga, chuma majani machache tu, wala usikate ncha zote.

Nzi wa matunda hutoboa boga changa na kutaga mayai ndani. Funika kiboga kwa nyasi au karatasi mara kinapoanza kukua. Boga lililooza usiliache shambani. Lifukie kina kirefu, la sivyo funza wake watakuwa nzi wa wiki ijayo.

KIANGAZI

Kuanzia Mei hadi Oktoba mboga mbichi huadimika, na hapo ndipo macho ya watoto huwa hatarini zaidi. Maembe yetu, ambayo wengi huyahusisha na misafara ya zamani, huja mvua zikianza. Miezi ya katikati inahitaji ghala.

Wanyamwezi walikuwa wapagazi maarufu katika karne ya 19. Wengi waliondoka kiangazi baada ya mavuno, wakarudi mvua zikikaribia ili walime. Walipokuwa njiani walipewa posho. Waliobaki nyumbani walitegemea kile kilichohifadhiwa. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, kazi ya kubeba mizigo kwa kichwa ilianza kwisha, lakini kiangazi bado ni kile kile.

Boga hukaa muda mrefu likivunwa vizuri. Vuna kikonyo kikiwa kimekauka na ganda limekuwa gumu, ukucha usiweze kulichubua. Liache na kikonyo chake. Kikivunjika, uozo huingia hapo. Yapange juu ya uchaga au nyasi kavu, mahali penye hewa, yasilaliane. Hukaa miezi miwili, mitatu, na zaidi. Yakague kila wiki. Likianza kulainika, lile kwanza.

Majani hukaushwa pamoja na yale ya kunde, ndiyo nsansa tunayoijua. Yakaushe kivulini penye upepo. Jua kali hula vitamini A. Yakikauka, yafunge kwenye chombo chenye mfuniko. Mbegu za boga nazo zisitupwe. Zioshe, zianike, zikaange, zitwange, uziweke kwenye mchuzi. Zina mafuta na chakula cha kujenga mwili. Mtoto mdogo asipewe mbegu nzima, zisije zikamkaba.

Kama kuna maji ya kuoshea vyombo, mwagia mashimo mawili karibu na jiko, na utapata msusa hata Agosti. Mwaga kwenye shina, si juu ya majani. Maji yenye sabuni nyingi au chumvi usitumie.

BOGA CHUNGU

Hili ni la mwisho, na msilisahau. Boga, mumunye au kibuyu chenye ladha chungu kina sumu. Hutapisha na kuharisha vibaya. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Onja kipande kidogo kibichi kabla ya kupika. Kikiwa kichungu, tema, tupa lote, wala usiweke mbegu zake. Sukari isitumike kuficha uchungu.

Kama mnasoma kwa pamoja, jadilini haya. Nani kati yenu aling'oa maboga yaliyochanua bila kuzaa, na yalikuwa na umri gani? Hapa kijijini, ni mwezi gani watoto hukosa mboga za kijani kabisa? Makopo ya dawa za shamba yako wapi sasa hivi katika nyumba zenu? Kesho asubuhi nendeni kwenye shamba la mmoja wenu, mkatafute ua jike.