Nitaishi na Wajapani na Wamarekani: Niamini Kipindi Kipi?

*Shangazi, nina miaka 23, ninasoma Dodoma. Mwezi wa Aprili naenda Tokyo kwa masomo, na nimepangiwa nyumba moja na wenzangu watano, Wajapani na Wamarekani. Ili nijiandae nimetazama Terrace House ya Japani na misimu kadhaa ya The Real World ya Marekani. Wamarekani wanatukanana hadi usiku wa manane. Wajapani wanapika, wanaombana radhi, wanakwenda kulala. Kaka yangu anasema Wajapani wana adabu kama sisi, nishikamane nao, Wamarekani niwaepuke. Nimsikilize?*
*Msafiri, Dodoma*

Mwanangu, hongera sana. Kaka yako anakutakia mema, lakini katika hili usimfuate. Umetazama nyumba mbili zenye kanuni tofauti, ukadhani umeyaona mataifa mawili.

The Real World ilianza MTV mwaka 1992: vijana saba wasiojuana, nyumba moja, New York. Walichaguliwa kwa makusudi, watu wa asili na misimamo inayogongana, kisha kila mmoja akaketishwa peke yake mbele ya kamera aseme yaliyomkaa moyoni kuhusu wenzake. Ukiulizwa kila mara nani amekuudhi, utampata wa kumtaja. Lakini nyumba hizohizo ndizo zilizomleta Pedro Zamora mwaka 1994, kijana aliyeishi na VVU akawaeleza wenzake hali yake waziwazi, na Marekani nzima ikisikia. Alifariki Novemba mwaka huohuo. Ukiwakimbia Wamarekani kwa sababu ya kelele, utawakosa na watu wenye ujasiri wa namna hiyo.

Terrace House, iliyoanza 2012, ilipangwa kwa namna nyingine kabisa. Vijana sita walipewa nyumba na magari. Hapakuwa na zawadi wala kura ya kumtoa mtu. Kila mmoja aliendelea na kazi au masomo yake, na aliyetaka kuondoka aliondoka. Ilinganishe na Big Brother Africa ya 2003, ambayo wakubwa zako wanaikumbuka: vijana wamefungiwa, hawana kazi ya kufanya, na dola 100,000 zinamngoja mmoja wao. Mweke Mjapani mpole humo uone kama hatapanga njama. Na hiyo adabu ya “sisi” anayoisema kaka yako, ni ya nani hasa? Bunge la Malawi lilipiga marufuku kipindi hicho kwa kulinda maadili, wakati kwetu watu walikuwa wakimshangilia mshiriki wetu, Mwisho Mwampamba.

Sasa rudi utazame tena ile nyumba ya Wajapani, safari hii ukiangalia wanaonyamaza. Utakutana na msusi aliyepewa nyama nzuri na mteja wake, akaihifadhi. Siku moja akarudi akakuta wenzake wameipika na kuila, mpenzi wake akiwa miongoni mwao. Kwa anayetazama mara ya kwanza ni nyama tu. Lakini uchungu ulikuwa wa kutothaminiwa, na ulikuwa umeshaanza kabla ya siku hiyo. Utulivu wa nyumba, mwanangu, hauthibitishi kwamba watu wameridhika.

Kuna jambo zito zaidi ambalo nataka ulijue kabla hujapanda ndege. Mwanzoni mwa 2020 Hana Kimura, mwanamieleka mwenye umri wa miaka 22 aliyekuwa akiishi katika nyumba ya Terrace House, alisahau vazi lake la ulingoni kwenye mashine ya kufulia. Mwenzake akalifua na kulikausha pamoja na nguo zake, likaharibika. Hana akamfokea na kumvua kofia kwa hasira. Kosa la kawaida, hasira ya kawaida. Kipindi kiliporushwa, matusi yalimmiminikia mitandaoni, na mwezi Mei alijitoa uhai. Kipindi kikafutwa. Mama yake alipigania haki yake, na mwaka 2022 Japani iliongeza adhabu ya kumtukana mtu hadharani, hadi kifungo cha mwaka mmoja. Inaniuma kila nikilikumbuka. Ukali mkubwa zaidi haukuwa ndani ya nyumba, ulikuwa nje, kwa watazamaji waliojificha nyuma ya simu zao.

Kwa hiyo wiki ya kwanza ita kikao cha wote sita. Ulizeni rafu ipi ya friji ni ya nani, nani anafua lini, wageni wanaruhusiwa hadi saa ngapi. Takataka Japani hutengwa kwa aina na kila aina ina siku yake ya kutolewa. Mwombe mwenyeji akuonyeshe, maana majirani huliangalia sana hilo. Mjapani akikwambia jambo fulani “ni gumu kidogo”, chukulia kwamba amekataa, usimsukume. Mmarekani akikwambia usoni kwamba umemkera, mjibu palepale kwa upole. Mara nyingi akishalisema limekwisha. Wewe nawe ukikwazika, mfuate mhusika mkiwa wawili, siku hiyohiyo au kesho yake.

Na mwenzako yeyote akiwasha kamera ya simu jikoni ili arushe maisha yenu mtandaoni, mwombe aizime. Una haki hiyo hata kama wengine wote watano wamekubali.