Bata Mzinga wa Sikukuu: Maelekezo kwa Nyumba za Thika na Ruiru

Dibaji

Ikaribiapo Krismasi, nyumba nyingi za Thika na Ruiru zilizozoea kuku na mbuzi hutamani bata mzinga, ndege ambaye asili yake ni Amerika. Na kwa kuwa huchukua miezi mitano au zaidi kukomaa, baada ya yai kulaliwa kwa siku 28, yule atakayeliwa Desemba ni sharti awe ameanguliwa kabla ya Julai kwisha; kwa hiyo mwenye busara huagiza tangu Oktoba, wala hangojei msongamano wa mkesha, ambapo mnunuzi huchukua apewacho.

Kumtafuta na kumkagua

Wenye maduka ya dawa na vyakula vya mifugo, pamoja na maafisa wa mifugo wa serikali, ndio wawajuao wafugaji wa karibu. Nenda shambani mchana, usimame mbali kidogo, utazame kabla ndege hawajashtuka. Aliye na siha huinua kichwa, macho maangavu, puani pakavu. Na ukimwona ngozi ya kichwa ikigeuka kutoka nyekundu kuwa samawati unapomkaribia, usidhani ni maradhi, kwani hiyo ndiyo tabia yake ahamakipo. La kutahadhari ni mabawa yaliyolegea, kuhema mdomo wazi, na kinyesi cha manjano kama kiberiti. Ukiambiwa kwamba wenzake wamekufa ghafla, usinunue hata kwa bei ya kutupa, bali mwarifu daktari wa mifugo. Na mzoga usiliwe asilani.

Kisha muulize mfugaji maswali mawili: ndege huyu alipewa dawa gani, na lini? Kila dawa ya mifugo ina muda wa kungoja ulioandikwa katika kibandiko chake, na muda huo usipotimia mabaki ya dawa hukaa katika nyama, wala moto wa jikoni haupaswi kutegemewa kuyaondoa.

Kuchinja na kusafisha

Usiku wa kuamkia kuchinjwa anyimwe chakula, asinyimwe maji, ili matumbo yawe matupu yasipasuke na kuichafua nyama. Ukinunua aliyekwisha chinjwa, uliza kama amekaguliwa. Akishafika jikoni akiwa safi, usimwoshe tena chini ya bomba, kwa sababu matone yarukayo hubeba vijidudu, salmonela miongoni mwavyo, hadi kwenye vyombo na mboga. Ubao na kisu vilivyokata nyama mbichi visiguse nyanya za kachumbari kabla havijaoshwa kwa maji moto na sabuni. Na mikono vilevile.

Kupika na kuhifadhi

Jike aweza kufika kilo 5 au 7, na dume kuzidi 10, uzito usioingia katika sufuria ya kawaida; basi mkate vipande, ili moto ufike mfupani. Nyama imeiva pale kipimajoto, kikitiwa penye mnofu mnene wa paja bila kugusa mfupa, kinaposoma nyuzi 74 za Selsiasi.

– Nyama mbichi ikae katika jokofu, nyuzi 4 au chini yake, siku 2 tu; ikibidi ikae zaidi, igandishwe.
– Iliyoganda iyeyushwe ndani ya jokofu, takriban siku moja kwa kila kilo 2, wala si juu ya meza.
– Masalio yawekwe baridini kabla saa 2 hazijapita, yaliwe ndani ya siku 3 au 4, na yachemshwe yatoe mvuke.

Amma nyumba isiyo na jokofu isijione imenyimwa sikukuu: ndege achinjwe alfajiri ya siku hiyo, apikwe adhuhuri, na kitakachobaki kipelekwe kwa jirani kingali moto, kwani sahani ivukayo ua mapema ni ukarimu, na ni kinga ya tumbo pia.