Kisiwa Kisicho na Kisima

Fikiri kwamba umealikwa kukaa siku mbili katika kisiwa kidogo baharini. Kisiwa hicho hakina mto, ziwa wala kisima. Nguzo za umeme hazikifikii. Je, utakunywa maji gani? Utaoga kwa maji gani? Na ukimaliza kuoga, maji machafu yatakwenda wapi?

Kisiwa cha namna hiyo kipo. Kinaitwa Chumbe, nacho ni kisiwa cha Zanzibar. Kiko umbali wa kilometa 12 hivi kutoka mji wa Zanzibar, kuelekea kusini. Urefu wake ni kama kilometa moja tu. Tangu mwaka 1904 kimekuwa na mnara wa taa wa kuongoza meli. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa matumbawe ulio upande wa magharibi wa kisiwa hicho kuwa hifadhi. Uvuvi ulikatazwa hapo. Baadaye zilijengwa nyumba 7 za kulala wageni. Katika somo hili utajifunza jinsi watu wanavyoweza kukaa katika nyumba hizo bila kuwadhuru viumbe wa nchi kavu na wa baharini.

Mwamba wenye matundu

Matumbawe ni wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja kwa makundi. Hujijengea mifupa migumu ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho matupu. Mimea hiyo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na matumbawe hupata sehemu ya chakula hicho. Kwa hiyo matumbawe hustawi penye maji safi yapitishayo mwanga.

Kisiwa cha Chumbe chenyewe ni mwamba wa matumbawe ya zamani sana yaliyokufa. Mwamba huo una matundu mengi. Mvua inyeshapo, maji hupenya upesi na kupotelea baharini. Uchafu ukimwagwa ardhini hufuata njia hiyo hiyo. Fanya jaribio lifuatalo ili uone jambo hili.

Jaribio

Vifaa: makopo mawili yanayolingana, msumari, kitambaa, kokoto, mchanga uliooshwa, maji ya matope na vyombo viwili vya kukingia maji.

1. Toboa matundu madogo katika kitako cha kila kopo.
2. Jaza kokoto katika kopo la kwanza.
3. Tandika kitambaa ndani ya kopo la pili, kisha lijaze mchanga.
4. Mimina kikombe kimoja cha maji ya matope katika kila kopo.
5. Linganisha maji yanayotoka chini.

Maji yapi yametoka upesi zaidi? Maji yapi yana matope mengi zaidi? Andika majibu katika daftari lako.

Utaona kwamba kokoto hupitisha maji upesi pamoja na matope yake. Mchanga hupitisha maji polepole na kuzuia sehemu ya matope. Mwamba wa Chumbe hufanana na kopo la kokoto.

Tahadhari: Usinywe maji yaliyotoka katika kopo la mchanga. Yanaweza kuonekana maangavu huku yakiwa na vijidudu vya magonjwa.

Nyumba inayokinga mvua

Kila nyumba ya wageni huko Chumbe ina paa kubwa lililoezekwa kwa makuti. Maji ya mvua hutiririka kutoka paani, huchujwa, kisha huhifadhiwa katika tangi lililo chini ya nyumba. Maji ya kuogea huvutwa kwa pampu ya mkono na kupashwa moto na jua. Umeme wa taa pia hutokana na mwanga wa jua.

Mvua ya milimeta 1 ikinyesha juu ya eneo la meta mraba 1 hutoa lita 1 ya maji. Hivyo paa linalofunika meta mraba 100 likipata mvua ya milimeta 20 laweza kutoa lita 2,000. Lakini mvua hainyeshi kila siku. Mgeni akiyachezea maji leo, tangi litakauka kabla ya mvua nyingine kunyesha.

Uchafu unakwenda wapi?

Wageni wa Chumbe hutumia choo kisichohitaji maji. Kinyesi huchanganywa na vitu vikavu vinavyotokana na mimea. Bakteria na kuvu hukiozesha polepole, penye hewa, mpaka kinageuka kuwa mboji.

Maji ya kuogea na kunawia huchujwa na kupelekwa katika vitalu vya mimea. Maji hayo yana chumvichumvi zinazorutubisha mimea. Zingefika baharini, mwani ungeota kwa wingi na kuyafunika matumbawe, nayo yangekosa mwanga. Vitaluni, mizizi huzifyonza na mimea hustawi.

Wenyeji wa kisiwa

Maji ya Chumbe yana zaidi ya aina 400 za samaki, miongoni mwao pono, ambao hukwangua mwani juu ya mwamba. Msituni yumo paa nunga, mnyama adimu sana. Yumo pia kaa mkubwa wa nchi kavu apandaye miti. Uzito wake waweza kufikia kilo 4. Akisha kukua huvuta hewa, na akizama baharini hufa. Hata hivyo, jike hupeleka mayai yake baharini, na watoto huanza maisha yao humo. Basi kaa huyo anahitaji msitu na bahari pia. Kimoja kikiharibika, naye hutoweka.

Kaa hao hutembea usiku. Kwa hiyo njia za kisiwani haziwekwi taa, na wageni hutumia tochi.

Walinzi wa kwanza wa hifadhi hii walikuwa wavuvi waliofundishwa kazi hiyo. Hawachukui bunduki. Huwaeleza wavuvi wenzao kwamba samaki huzaliana katika mwamba uliohifadhiwa, kisha wengine huhamia nje, ambako huweza kuvuliwa.

Lakini ulinzi wa kisiwa kimoja hautoshi. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi. Matumbawe ya sehemu nyingi yalipoteza rangi, na mengi yakafa. Joto halizuiwi na mlinzi mwenye mashua. Ndiyo sababu kila mtu, hata akaaye mbali na pwani, ana wajibu wa kutunza mazingira.

Kumbuka

Kila kitu tunachokitupa huenda mahali fulani. Katika kisiwa kidogo twaweza kuona mara moja mahali hapo ni wapi. Kijijini na mjini hatuoni upesi, lakini kanuni ni ile ile.

Maswali

1. Kwa nini hakuna kisima katika kisiwa cha Chumbe?
2. Eleza jinsi maji ya kuogea yanavyoweza kuyadhuru matumbawe.
3. Kwa nini kaa mkubwa wa nchi kavu anahitaji msitu na bahari pia?
4. Paa la darasa lina urefu wa meta 8 na upana wa meta 5. Mvua ya milimeta 10 imenyesha. Paa litatoa lita ngapi? Ikiwa watu wawili hutumia lita 40 kila mmoja kwa siku, maji hayo yatawatosha siku ngapi?
5. Chunguza shuleni kwenu maji ya kunawia yanakwenda wapi. Chora ramani ya njia yake, kisha jadilianeni darasani namna ya kuyatumia kustawisha mimea.