Sema kwa Mdomo, Uso Usiachiwe Kazi Yote

Tabora ni mji wa utani. Katika karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipiga kambi hapa Unyanyembe, na wapagazi wa Kinyamwezi walifunga utani na makabila mengi ya njiani. Hadi leo mtani anakukejeli msibani nawe unacheka, kwa kuwa umemwangalia usoni ukaona hana ubaya.

Kwa ndugu mwenye baipola, huko kuona usoni kunaweza kuwa kugumu. Baipola ni ugonjwa wa akili unaompandisha mtu, akawa na nguvu nyingi, maneno mengi, hasira za karibu na usingizi kidogo. Kisha humshusha hadi kwenye sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 40 walikuwa nao. Watafiti waliowaonyesha wagonjwa picha za nyuso wameona kuwa wengi hukosea kuliko watu wengine, hasa kwenye hofu na karaha, wengine hata wakiwa wametulia. Vijana wenye baipola waliwahi kuona chuki kwenye uso ambao haukuwa na neno lolote. Si kila mgonjwa yuko hivyo, lakini aliye hivyo tusimwite jeuri.

Fikiria mama aliyerudi sokoni na jua la Oktoba. Amekaa kimya, anamenya mihogo. Kijana wake anauliza, "Mama, nimekukosea nini?" Anajibiwa, "Hakuna," na uso ni ule ule. Haamini. Kufika usiku nyumba nzima inagombana. Mama angesema, "Mwanangu, nimechoka na jua, sijakukasirikia," kijana angepata la kushika.

Mgonjwa akiwa amepanda, anaweza asione kabisa hofu ya mwenzake. Mdogo wake aliyepakiwa kwenye pikipiki inayokwenda mbio asitegemee kukunja uso. Aseme, "Kaka, simama, naogopa."

Na utani? Msimtoe. Kumnyima mtu utani hapa kwetu ni kumtenga, na kutengwa kunaumiza. Siku amepanda au ameshuka, waombeni watani wapunguze makali na waseme wazi, "Nakutania, ndugu yangu."

Dawa asiziache kwa kujiona amepona. Anayetumia lithiamu apimwe damu kama alivyopangiwa, na kiangazi anywe maji ya kutosha. Anzeni kwenye zahanati au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete; wapo watakaopewa rufaa kwenda hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma.

Akizungumzia kufa, au akikesha usiku baada ya usiku bila kuchoka, msimwache peke yake. Ondoeni nyumbani dawa za kupulizia tumbaku na pamba, fungieni mbali vidonge, mkampeleke hospitali siku hiyo hiyo.