Pampu ya Petroli: Kazi Yake na Jinsi ya Kuibadilisha

Watu wengi hudhani kwamba petroli hutoka tangini ikaingia katika injini yenyewe, kama maji yashukayo bondeni. Sivyo. Katika Land Rover ya Series III, ambayo ilitengenezwa tangu mwaka 1971 hata 1985, tangi limewekwa chini ya kiti, na kabureta iko juu zaidi. Maji hayapandi mlima bila ya kuchotwa, na petroli kadhalika. Mchotaji wake ni pampu.

Pampu hii haitumii umeme. Imefungwa ubavuni mwa injini kwa nati mbili, na mkono wake wa chuma umeingia ndani mpaka kwenye kemshafti. Kila kemshafti inapozunguka mara moja, uvimbe wake husukuma mkono, na mkono huvuta utando wa mpira uliomo ndani ya pampu. Nafasi iliyo juu ya utando hupanuka, vali ya kuingilia hufunguka, na petroli hufyonzwa kutoka tangini. Kisha springi huurudisha utando juu. Vali ya kwanza hujifunga, ya pili hufunguka, na petroli huenda kwenye kabureta. Kemshafti huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Basi injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, mkono wa pampu husukumwa mara 1,000. Si ajabu utando ukichoka.

Katika likizo ya mwezi wa Desemba, gari la baba lilianza kuzimika kila lilipopanda mlima na mzigo. Gari hilo ndilo linalopeleka kahawa yetu Mbale, na usiku mgonjwa akizidiwa kijijini, huja kugongwa mlango wetu. Fundi mmoja alisema kabureta yote imekufa, na bei aliyoitaja ilikaribia ada yangu ya muhula mzima. Baba alikwisha anza kusema habari ya kuliuza gari. Nikamwomba, “Baba, tulipime kwanza.” Akakubali.

Yafaa kupima kabla ya kununua kitu. Tulitazama kama petroli imo, kama tundu la hewa la mfuniko wa tangi limeziba, na kama mipira ya petroli ina nyufa. Yote yalikuwa mazima. Ndipo tukaifungua bomba inayoingia katika kabureta, tukatia ncha yake katika chupa. Swichi ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru, baba aliizungusha injini kwa hendeli ya mbele. Pampu nzima ingalirusha petroli kwa mapigo yenye nguvu. Yetu ilidondosha matone tu. Kisha nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepanda kupita alama, nayo ilinuka petroli.

Hapo tukajua hatari iliyokuwapo. Utando umepasuka, na petroli inavuja ndani ya injini. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi, haiwezi kulinda vyuma visisagane. Kama tungalinunua kabureta na kuendelea na safari, tungaliiharibu injini nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa nitaeleza kazi yenyewe kwa taratibu.

Kwanza, gari liwe nje, mahali tambarare, injini ikiwa baridi, na magurudumu yawekewe mawe. Toa waya wa betri uliofungwa kwenye bodi la gari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kimya kimya mpaka uukute moto. Kwa hiyo mama alizima meko ya jikoni kabla hatujaanza. Pasiwe na sigara wala taa ya moto, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Pili, tia alama mipira miwili, upi waingia na upi watoka. Ifungue, na uuzibe ule utokao tangini kwa bolti safi.

Tatu, legeza nati mbili kwa zamu, kidogo kidogo, kisha itoe pampu. Ziba tundu kwa kitambaa safi, ukwangue gasketi ya zamani pasipo kuangusha uchafu ndani.

Nne, ilinganishe pampu mpya na ya zamani. Mkono uwe na urefu na umbo lile lile. Gasketi iwe na unene ule ule, kwa maana unene ukibadilika, mwendo wa mkono nao hubadilika.

Tano, ondoa kitambaa, uingize pampu. Ikiwa inakataa kukaa, usiilazimishe kwa nati, mkono utavunjika. Izungushe injini kwa hendeli mpaka uvimbe wa kemshafti ugeuke upande mwingine. Kisha kaza nati kwa zamu, na urudishe mipira mahali pake.

Sita, kama oili ilinuka petroli, imwage yote, utie mpya na chujio jipya kabla ya kuwasha.

Saba, pampu hii ina kijimkono cha nje. Kipandishe na kukishusha mpaka kabureta ijae. Kikiwa hakina uzito wowote tangu mwanzo, izungushe injini mzunguko mmoja, ujaribu tena. Pangusa petroli iliyomwagika, ngoja mvuke utawanyike, ndipo urudishe waya wa betri na kuwasha. Tazama kila kiungo kama kinavuja.

Kazi yetu ilichukua asubuhi moja, na fedha tulizotoa zilikuwa za pampu, gasketi, oili na chujio tu. Kesho yake gari lilipanda mlima ule na magunia yake bila ya kusimama.

Pampu ya zamani nimeileta shuleni, nayo imewekwa juu ya meza ya chumba cha fizikia. Nimeifungua ili kila mtu auone mpasuko wa utando. Hauzidi urefu wa ukucha.