Somo la Kikundi: Kuku wa Silkie, Tumfuge kwa Sababu Gani?

Tukitembelea vikundi vya Bahati, Njoro na Rongai tumeulizwa swali moja mara nyingi: "Hawa kuku wenye manyoya kama ya paka, wanaouzwa bei ya juu mjini Nakuru, je, tutoe pesa ya kikundi tuwanunue?" Swali hili ni zuri, maana pesa ya kikundi ni jasho la watu wengi. Someni somo hili pamoja, halafu mjadili maswali yaliyo mwishoni.

TUKUMBUKE KWARE

Kabla ya kujibu, tukumbuke yaliyotokea mwaka wa 2013 na 2014. Wakenya wengi walikimbilia kufuga kware. Ilisemekana mayai yake yanaponya magonjwa mengi, na bei ikapanda. Watu wakachukua leseni kwa KWS, wakajenga vizimba, wengine hata wakakopa. Lakini wanunuzi wengi walikuwa wafugaji wapya waliotafuta mbegu. Walaji walikuwa wachache. Kila mtu alipokuwa na kware wake, soko likaisha na bei ikaanguka. Wengi walibaki na ndege wa kulisha na deni la kulipa.

Silkie naye anaweza kutuingiza katika shida hiyo hiyo. Anayemnunua leo kwa bei kubwa mara nyingi anataka kuuza vifaranga kesho. Kwa hivyo tusianze kwa kuuliza anauzwa pesa ngapi. Tuulize hivi: Hata asipopata mnunuzi, atatufanyia kazi gani hapa nyumbani?

NI KUKU WA NAMNA GANI?

Asili yake ni Asia, hasa China. Msafiri Marco Polo, aliyefika huko katika karne ya 13, alisimulia habari za kuku wenye manyoya kama ya paka. Manyoya ya Silkie hayashikani kama ya kuku wengine, ndiyo sababu anaonekana kama pamba. Ngozi na mifupa yake ni nyeusi. Ana vidole vitano kwa kila mguu, na kuku wengi wana vinne. Hawezi kuruka juu.

Mwili wake ni mdogo, kama kilo moja hadi moja na nusu. Akitunzwa vizuri hutaga mayai madogo kama 100 hadi 120 kwa mwaka. Kuku wa kisasa wa mayai hukaribia 300. Basi kwa mayai na kwa nyama, Silkie hawezi kushindana.

Wengine watawaambia nyama yake nyeusi ni dawa. Huko China watu hupika supu yake, na mama aliyejifungua hupewa. Ni chakula kizuri, kama kuku mwingine yeyote. Lakini msinunue kuku kama dawa, wala mgonjwa asiache dawa za hospitali.

KAZI YAKE NI KULALIA MAYAI

Hapa ndipo Silkie anatusaidia. Anapenda sana kulalia, na hulea vifaranga hata kama si wake. Vikundi vingi sasa vinafuga kienyeji walioboreshwa, kama wale wa KALRO Naivasha. Wanataga vizuri, lakini wengi wao hawalalii, au hulalia kidogo tu. Mwenye kikundi analazimika kununua vifaranga au mashine ya kuangulia. Na mashine, si mnajua, stima ikipotea usiku mzima mayai yanaharibika. Silkie hahitaji stima.

Mfuateni hivi:

1. Chagueni mayai safi, yasiyo na ufa, ya kuku waliopandwa na jogoo. Yawekwe mahali pa baridi kidogo, ncha nyembamba ikielekea chini, yasizidi siku 7 hadi 10.

2. Ngojeni kuku akatae kutoka kwenye kiota kwa siku mbili au tatu. Ndipo muweke mayai, wakati wa usiku.

3. Msimpe mayai mengi. Sisi wenyewe tuliwahi kumwekea Silkie mmoja mayai 12 ya kienyeji. Hakuweza kuyafunika. Ya pembeni yalipoa, naye akawa anayasukuma ndani na kutoa mengine nje. Tulipata vifaranga wanne tu. Mayai makubwa ya kienyeji, 5 hadi 7 yanamtosha.

4. Kila siku mtoeni mara moja ale, anywe maji na achafue nje. Wengine hukaa tu mpaka wakakonda kabisa.

5. Siku ya 7, mulikeni mayai kwa tochi usiku. Yasiyo na mishipa ndani, yatoeni.

6. Kuanzia siku ya 18 msimsumbue. Siku ya 21 vifaranga hutoka.

MVUA NA BARIDI NI ADUI WAKE

Manyoya yake hayazuii maji. Akinyeshewa, analowa mpaka ngozini. Sisi wa Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na wenzetu wa Molo na Mau Narok wako juu zaidi. Usiku kuna baridi kali. Mvua ndefu zikianza Machi au Aprili, kuku aliyezoea kulala chini ya mti hatamaliza wiki.

Nyumba iwe na paa lisilovuja na sakafu kavu. Upande mmoja uwe na wavu ili hewa ipite, lakini upepo usimpige moja kwa moja. Mwagieni maranda ya mbao na myabadilishe yakilowa, maana miguu yake ina manyoya na hushika matope. Kwa kuwa haruki, kijiti cha kulalia kiwe chini sana, au alale kwenye maranda tu.

Manyoya ya kichwani yakimfunika macho, yapunguzeni kwa makasi. Asiyeona hawezi kumkimbia mwewe. Pia kichwa chake ni laini kwa juu, na kuku wakubwa wakimdonoa anaweza kufa. Mwenye vifaranga akae peke yake.

CHAKULA NA MAGONJWA

Vifaranga wapewe chakula cha vifaranga kutoka duka la agroveti kwa wiki 8 za kwanza. Wakubwa wanaweza kula mahindi yaliyovunjwa, mabaki ya jikoni, sukuma wiki na mchwa, lakini anayetaga aongezewe chakula cha kuku wa mayai. Maji yawe safi kila siku, kwa chombo kifupi ili manyoya ya kichwa yasilowe.

Fukueni manyoya kila wiki mtafute utitiri na chawa. Anayelalia hushambuliwa haraka. Mpeni pia mahali pa majivu na mchanga mkavu pa kujigaragaza.

Ugonjwa unaomaliza boma zima ni Newcastle. Hauna dawa, kuna chanjo tu. Chanjo ya aina ya I-2, ambayo utafiti wake ulifanywa Australia, huvumilia joto kuliko chanjo nyingine na hutiwa tone moja jichoni. Hurudiwa kila miezi mitatu hadi minne. Chanjeni kuku wazima tu, na mfuate maagizo ya chupa. Kwa kuwa chupa moja huwa na dozi nyingi, mtu mmoja mwenye kuku sita hupata hasara. Hapa ndipo faida ya kikundi: chagueni siku moja, mchange pesa, mpite boma kwa boma na afisa wa mifugo wa kaunti.

Silkie hushikwa kwa urahisi pia na ugonjwa wa Marek, unaolemaza miguu na mabawa. Chanjo yake hutolewa kifaranga anapototolewa, na vifaranga wa nyumbani huwa hawaipati. Kwa hivyo watengeni na kuku wakubwa. Kuku yeyote mgeni akae peke yake wiki tatu kabla ya kuchanganyika na wenu.

PIGENI HESABU

Tuseme Silkie mmoja amelalia mayai 6 ya kienyeji. Yanaanguliwa 5, na wanaokua ni 4. Kulalia ni wiki 3 na kulea ni wiki 8. Ukimpa na muda wa kupumzika, anaweza kufanya hivyo mara tatu kwa mwaka: kuku 12 wa kienyeji, ambao hata sokoni Nakuru wana mnunuzi kila siku. Gawanyeni bei ya Silkie kwa hao 12, mwongeze chakula na chanjo, ndipo mtajua kama bei mnayoambiwa ni ya haki.

Ushauri wetu ni huu: msinunue wengi. Anzeni na majike wawili au watatu, wakae kwa mwanachama mwenye nyumba kavu. Wafugeni mwaka mmoja huku mkiandika kila kitu daftarini. Mkopo msichukue kwa ajili yao. Na kama tayari mna kuku wa kienyeji anayelalia vizuri, huyo ndiye mama wenu. Mchanjeni kwanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu, nani alipata hasara ya kware? Tulijifunza nini?
2. Ni kuku wangapi kijijini walikufa mwaka uliopita, na wangapi walikuwa wamechanjwa?
3. Mayai yetu tunaangua kwa njia gani sasa? Yanayoharibika ni mangapi?
4. Tutachagua siku gani ya chanjo, na nani atamwona afisa wa mifugo?